Maji kwenye mafuta ya breki, gari la mwaka 1967

Spana13: Wakuu, gari ni la 1967, mbele diski, nyuma ngoma, linatembea mara chache. Mafuta ni DOT 4 (daraja la mafuta ya breki, aina inayonyonya maji), yana mwaka mmoja tu, lakini kipimo cha kalamu kinasoma maji 3%. Kifuniko cha tanki kinabana vizuri. Maji yanaingilia wapi? Nihamie DOT 5, ile ya silikoni?

Pistoni: Mkuu, kifuniko cha zamani kina tundu la kupumulia. Usilizibe, mafuta yakishuka lazima hewa iingie. Angalia tu raba yake, na weka mafuta hadi MAX ili nafasi ya hewa iwe ndogo. Njia kubwa mara nyingi ni hozi za raba: unyevu unapenya hata kama hazivuji. Ndiyo maana mafuta ya kwenye magurudumu huwa mabaya kuliko ya tanki unayopima wewe. Fungua nipo (skrubu ya kutolea mafuta kwenye gurudumu), pima yanayotoka mwanzo.

DOT 4 mpya haichemki chini ya 230°C. Maji yakifika 3.7%, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa ni 155°C tu. Kwenye mteremko mrefu inatoa mvuke na pedeli inazama. Gari la kukaa litaanza na kutu: pistoni za kalipa (kifaa kinachobana diski) zinanasa. Badilisha kila miaka 2, liwe limetembea au la.

Fundi_Ngoma: Nunua chupa ndogo, ifungue siku ya kazi. Lile nusu lita lililobaki kabatini tangu mwaka jana, achana nalo. Nyonya mafuta ya tanki kwa bomba la sindano, jaza mapya, kisha toa ya zamani kwa kukanyaga pedeli, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli). Weka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike sakafuni: sili (raba za kuzuia kuvuja) zikipita sehemu ya silinda isiyotumika, kutu ya huko inazichana, na masta iliyokuwa nzima inaanza kuvujisha. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji haraka.

Pistoni: Kuhusu DOT 5, mimi ningebaki na DOT 4. Silikoni hainyonyi maji, lakini yakiingia yanatuama chini ya kalipa, yanakula chuma hapohapo na kuchemka kwa 100°C. Pia haichangamani na DOT 4, kwa hiyo ni kufungua mfumo mzima, kuusafisha na kuweka sili mpya. DOT 5.1 si silikoni, jina lisikuchanganye.

Spana13: Shukrani. Hozi zina nyufa karibu na viungo. Za waya wa kusukwa zinasaidia?

Fundi_Ngoma: Zenye teflon ndani, ndiyo, zinapitisha unyevu kidogo kuliko za raba. Hakikisha tu hazisuguani na tairi ukikata kona hadi mwisho.