Tupeane uzoefu: neno la Kiingereza la hatari lililokuponza

Wakala wa Malaba
Ndugu zangu, jana jioni nilikuwa nimesimama kando ya foleni ya malori hapa mpakani nikisubiri hati za mteja, na lori la mafuta lililokuwa mbele yangu lilikuwa limeandikwa nyuma, kwa herufi nyekundu, "HIGHLY INFLAMMABLE". Nilijikuta nimepeleka mkono kwenye nyusi zangu.

Nilipomaliza sekondari nilipata kibarua katika karakana ya kuchomelea vyuma huko Tororo. Fundi wangu hakubahatika kusoma, kwa hiyo kila kilichoandikwa kwa Kiingereza aliniletea mimi, na alikuwa akiniita Msomi. Siku moja alinionyesha kopo la thina akauliza limeandikwa nini. Nilimsomea neno hilo, kisha nikamfafanulia kwa madaha kwamba "in" ni kikanushi, kwa kuwa "incapable" ni asiyeweza na "invisible" ni kisichoonekana, hivyo thina hiyo ilikuwa ya aina isiyoshika moto. Tukaliacha kopo wazi hatua mbili kutoka mahali tulipokuwa tukichomelea geti. Cheche ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili ilituletea mwali uliotupitia usoni mara moja, kama mtu aliyekupiga na shuka la moto. Tulipona, ila nyusi zangu zilikwenda zote, na tangu siku hiyo fundi aliniita kwa jina langu la kawaida.

Nani mwingine ameponzwa na maneno haya? Tupeane uzoefu.

Dereva wa Masafa
Pole sana, Wakala. Sisi wa malori ya mafuta hatusomi maneno, tunasoma namba. Ukiona 1203 ni petroli, ukiona 1202 ni dizeli, na almasi nyekundu yenye mwali juu na tarakimu 3 chini ni kimiminika kinachoshika moto, hata kama ubavuni wameandika mashairi. Namba haina kikanushi.

Mwalimu wa Arua
Hilo la Wakala limewaponza hata wenye lugha yao. Ile "in" inatokana na Kilatini, na hapo haikanushi. Inatia nguvu, maana yake ni kutia moto ndani ya kitu. Kwa sababu watu wengi walipotoshwa kama yeye, tangu miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kukinga moto, National Fire Protection Association, kilihimiza mabango yaandikwe "flammable" tu, na mabango mengi ya leo yameandikwa hivyo. Kwa hiyo "flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja, na kisichoshika moto ni "non-flammable". Nimeligundua hilo nikiwa tayari nimelifundisha kinyume kwa miaka miwili, na wanafunzi hao sasa ni watu wazima wenye majiko ya gesi.

Nyota ya Busia
Hata mimi. Hadi leo asubuhi.

Boda wa Bweyogerere
Yangu ni fupi, na mwanzoni nilikuwa sitaki kuisema. Usiku mmoja abiria wawili niliowabeba walitaka kuninyang'anya pikipiki. Niliwaponyoka, nikakimbilia kituo cha polisi nikiwa nahema, shati limechanika, na kwa kuwa nilidhani Kiingereza ndiyo lugha ya ofisini, nilipaza sauti: "Officer, please, I am very dangerous!" Nilikusudia kusema kwamba nilikuwa hatarini. Nililazwa kifudifudi sakafuni, mikono kisogoni, na buti likawekwa karibu sana na sikio langu. Nilipolia kwa Kiswahili, "Afande, wanataka kuniua, wako nyuma yangu," yule yule wa buti aliniinua, akanipa kiti na kuniuliza kwa nini sikusema hivyo tangu mwanzo.

Mwalimu wa Arua
Kosa hilo nalisahihisha kila muhula. "In danger" ni yule anayeweza kudhurika, na "dangerous" ni yule anayeweza kudhuru. Kiswahili kinatutega, kwa sababu tunasema "ni hatari" na "yuko hatarini" kwa neno moja lililobadilishwa mkia tu. Kosa jingine ni la "risk": Kiingereza husema "he risked losing his job", hakisemi "he risked to lose".

Dereva wa Masafa
Mwalimu, ukikimbizwa usiku hutakumbuka mkia wala kichwa. Ushauri wangu ni kupiga kelele kwa lugha ya mama; yowe halihitaji sarufi.

Afisa wa Helmeti
Mimi ni afisa wa usalama katika miradi ya ujenzi, na kila asubuhi kabla ya kazi huongea na vibarua kwa dakika kumi. Wanatoka Lira, Mbale, Busia, wengine Kongo, na lugha inayotukutanisha ni Kiswahili. Tatizo langu ni "hazard" na "risk". Kiingereza cha kazi yetu hutenganisha mambo hayo kwa makini: "hazard" ni chenyewe kinachoweza kudhuru, kama shimo lililo wazi au waya uliochubuka, na "risk" ni uwezekano wa kudhurika ukipimwa pamoja na ukubwa wa madhara. Siku ya kwanza nilitafsiri yote mawili kuwa "hatari", nikajisikia nikisema: "Tuangalie hatari hii ina hatari gani." Kibarua mmoja akajibu kwa upole, "Mkubwa, hatari yake ni kwamba ni hatari."

Baadaye niliwaambia wafikirie nyoka. Nyoka aliyefungiwa ndani ya debe lenye mfuniko na nyoka aliye chini ya kitanda chako ni "hazard" ile ile, lakini "risk" zake hazilingani hata kidogo. Hapo walielewa. Mimi husema "chanzo cha hatari" na "uwezekano wa kudhurika".

Msomaji wa Dodoma-Kampala
Afisa, unajisumbua bure. Tanzania wana neno "kihatarishi", na serikalini husema "usimamizi wa vihatarishi".

Binti Bombo
Wanalitumia kwa "risk", ndugu, na umbo lake linasema ni kitu kinachohatarisha, yaani "hazard". Ukimpelekea kibarua wa Afisa neno hilo utakuwa umemrudisha kwenye sentensi yake ya kwanza. Si kila kilichopigwa mhuri ng'ambo ya mpaka kinafaa kuletwa bila ushuru.

Msomaji wa Dodoma-Kampala
Watanzania wana baraza lao la Kiswahili linalowatungia maneno, halafu sisi Waganda tunawakosoa. Endeleeni na nyoka wenu wa debeni.

Binti Bombo
Nyoka wa debeni ameeleweka. Kihatarishi chako bado tunakijadili. Mradi tumefika hapa, niwaongezee jambo: "hatari" tumeipata kwa Waarabu, na wako wataalamu wanaosema "hazard" nayo ilipitia Kifaransa ikitoka kwenye neno la Kiarabu la dadu, ingawa wengine wanabisha. "Jeopardy" ni Kifaransa cha zamani cha mchezo uliogawanyika sawa, ambao hujui nani atashinda. Na "peril" inatokana na neno la Kilatini la jaribio, ambalo ni ndugu wa "experience". Kwa hiyo Wakala alipoandika "tupeane uzoefu", alikuwa ameshaita hatari bila kujua.

Mkalimani wa Mwambao
Naomba mnivumilie, kwa sababu yangu haichekeshi.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 watu wengi walikuwa wakivuka Ziwa Albert kwa mashua wakikimbia mapigano ya Ituri, mashariki mwa Kongo, wakishukia Sebagoro upande wa Uganda, kisha wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Nilikuwa nimeajiriwa kwa muda kuwatafsiria katika mahojiano, na sitataja nilikuwa chini ya nani. Mama mmoja aliketi mbele yetu na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa akitafuna kizibo cha manjano cha jerikeni, na sauti ya meno yake kwenye plastiki naisikia hadi leo. Mhoji aliuliza, "Was there any threat against you?" Nikamuuliza mama kwa Kiswahili, "Je, kuna mtu aliyekutisha?" Akafikiri kidogo, akajibu kwa ukweli kabisa: "Hapana. Hakuna aliyenitisha. Walikuja tu usiku." Nikatafsiri. Kalamu ikaandika "None".

Ndugu zangu, "threat" ya kwenye fomu ile ilikuwa ni chochote kilichomweka katika hatari, na mimi nilikuwa nimeuliza kama kuna mtu aliyemtolea maneno ya vitisho. Waliochoma nyumba yake hawakupoteza muda kumtisha. Nililijua kosa langu kabla wino haujakauka, nikanyamaza. Mhoji alikuwa mkali, mkataba wangu ulikuwa wa wiki mbili, na nje foleni ilikuwa ndefu. Maswali matatu yalipita. La nne liliuliza kuhusu waliokuwa wakiishi naye nyumbani, akaanza kutaja majina, na kila jina alikunja kidole kimoja. Alipofika kidole cha nne niliinua mkono nikasema kwamba mkalimani anaomba kurekebisha. Tulirudia upya. Neno "None" lilikatwa kwa mstari mmoja. Ninachokumbuka zaidi ni yale maswali matatu.

Nyota ya Busia
Nimesoma mara mbili. Sina la kusema.

Msomaji wa Dodoma-Kampala
Nakupa pole, lakini siri za watu waliohojiwa hazipaswi kuletwa hapa.

Mkalimani wa Mwambao
Uko sahihi kulisema hilo. Sikutaja jina wala siku, na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Kosa ni langu, na hilo ndilo nililolisimulia.

Afisa wa Helmeti
Mimi ningemlaumu aliyeandika fomu. Swali linalotegemea neno moja ni shimo lililoachwa wazi. Wewe ulitumbukia tu.

Binti Bombo
Simkubalii Afisa. Anayelipwa kutafsiri ndiye anayepaswa kuliona shimo. Hata hivyo, Mkalimani, wengi wasingeinua mkono kabisa, na mimi sina hakika kama ningeinua. Siku hizi unalitafsirije?

Mkalimani wa Mwambao
Kabla ya kuanza humwomba mhoji aligawe swali: kama kuna aliyesema atakudhuru, kama kuna aliyekudhuru, na unaogopa nini ukirudi. Wengine hukubali, wengine husema wanafuata karatasi.

Boda wa Bweyogerere
Nami nina swali dogo. Hapa mjini kila maegesho yameandikwa "Vehicles parked at owner's risk". Kioo changu cha pembeni kiliibwa mlinzi akiwa anakitazama, akanionyesha bango. Huyo "owner" ni mimi au mwenye maegesho?

Mwalimu wa Arua
Ni wewe, mwenye chombo. Maana yake ni kwamba hasara ni juu yako.

Afisa wa Helmeti
Bango si sheria. Muulize wakili kabla hujamwachia mlinzi kioo chako.

Dereva wa Masafa
Wakili ni ghali kuliko kioo. Nunua kingine, uchore namba ya pikipiki juu yake, na usiegeshe tena hapo.

Wakala wa Malaba
Baada ya kumsoma Mkalimani nilimpigia simu fundi wangu wa zamani. Nilimweleza, baada ya miaka yote hiyo, kwamba ile "in" haikuwa kikanushi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nyusi ziliota zote mbili.