Tupeane uzoefu: Kusomea macho Moshi au Mzuzu, kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Dada wa Uyole

Wadau, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na kapata nafasi mbili za kusomea optometria, ile fani ya kupima macho na kutoa miwani. Moja ni stashahada pale hospitali ya KCMC, Moshi. Nyingine ni shahada Chuo Kikuu cha Mzuzu, Malawi.

Kwa mtu wa Mbeya, Mzuzu ni karibu kuliko Moshi. Unapanda gari la Kyela alfajiri, unashuka Kasumulu mpakani, unavuka daraja la Songwe, unashika njia ya Karonga, na mambo yakienda sawa jioni umefika. Moshi unakatiza nusu ya nchi. Lakini Mzuzu ni nchi ya watu na ada ya mgeni inahesabiwa kwa dola.

Huyu mtoto hakuipata kozi hii kwa kubahatisha. Mama yetu alipopita miaka 40 alianza kushindwa kuchambua mchele, akawa ananunua miwani ya kupanga mezani pale Mwanjelwa. Anajaribu moja, anajaribu nyingine, anaondoka na inayomuumiza kichwa kidogo. Mdogo wangu alikuwa darasa la sita na tangu hapo anauliza wanaopima wanajuaje namba ya mtu. Sitaki tumchagulie kwa kutazama ada peke yake. Waliopita njia hizi, naomba mseme mlichokutana nacho.

Mtu wa Tukuyu

Dada, nimesoma KCMC, stashahada. Nikueleze kitu kilichonijenga: foleni. Ile ni hospitali ya rufaa ya kanda, wagonjwa wa macho wanatoka mbali, na mwanafunzi anakutana na kila aina ya jicho. Mtoto wa jicho, presha ya macho, kengeza, mtoto albino mwenye uoni hafifu, mzee aliyechomwa na mwiba shambani akaja baada ya wiki.

Mwaka wa kwanza nilipewa retinoskopu, kile kifaa cha kumulika mboni, nikamulika wiki nzima bila kuelewa naona nini. Unatikisa mwanga, unatazama kivuli chekundu ndani ya mboni kinakwenda wapi. Kikifuata mwanga wako, unaongeza lenzi ya plasi. Kikienda kinyume, unaweka mainasi, hadi kitulie. Ukiwa umekaa sentimita 67 kutoka kwa mgonjwa, unatoa 1.50 kufidia umbali huo na unaipata namba yake ya miwani. Mgonjwa hajasema neno. Ndiyo maana unaweza kumpima mtoto asiyejua herufi au bibi asiyesikia. Ila hilo haliji kwa kusoma, linakuja kwa macho mia kadhaa kupita mbele yako.

Upungufu niliouona baadaye ni wa karatasi. Ajira za serikali zikitangazwa, mwenye stashahada na mwenye shahada hawaanzii ngazi moja ya mshahara. Nimeshafanya kazi miaka kadhaa na sasa natafuta namna ya kurudi shule, nina watoto wawili na mkopo wa benki. Mdogo wako yuko huru leo. Hilo mlipime.

Baba Mafinga

Suala la fedha. Kijana wangu yuko stashahada ya macho. Bodi ya Mikopo ilipoanza kukopesha stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, kozi yake ilikuwemo kwenye orodha. Isingekuwa hivyo, ningekata miti ambayo haijakomaa. Ukivuka mpaka usitegemee Bodi, jipange mwenyewe mpaka mwaka wa mwisho. Sio mwaka wa kwanza tu, wengi tunakosea hapo.

Mwana wa Kyela

Shikamooni wakubwa. Mimi nilisoma Mzuzu. Kozi yao ya optometria ilianza mwaka 2008, na wahitimu wake wako hospitali nyingi za Malawi.

Nianze na mazuri. Shahada inakufundisha kufikiri kwa upana: magonjwa ya jicho kwa undani, lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe bila fremu, huduma ya uoni hafifu, na utafiti wako mwenyewe unaousimamia mwanzo hadi mwisho. Madarasa hayakuwa makubwa, mwalimu alinijua kwa jina na alijua mkono wangu upi unatetemeka. Na kwa mtu wa Kyela, Karonga ni nyumbani. Wangonde wanasema kama sisi, bibi zao wanatusalimia kama bibi zetu. Mzuzu kwenyewe wanazungumza Kitumbuka, nilikizoea.

Sasa magumu. Malawi haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo usidhani utalipa kama mwenyeji kwa sababu umetoka jirani. Kuna kibali cha mwanafunzi pia. Novemba 2023 kwacha, pesa ya Malawi, iliposhushwa thamani, jamaa nyumbani walifurahi wakidhani maisha yatakuwa rahisi kwangu. Vitu sokoni vilipanda, na ada ya dola ikabaki palepale. Baba aliuza ng'ombe wawili muhula ule. Hakuwahi kunilalamikia, lakini nilijua.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa kurudi. Mtu mmoja aliyejiita wakala aliniambia cheti cha nje kinatambulika chenyewe, nisihangaike. Nikamaliza, nikarudi, nikakaa miezi nikikimbizana na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, watambue shahada, kisha Baraza la Optometria wanisajili, kila mmoja anataka karatasi ambayo nimeiacha chuoni. Nilivuka tena Songwe kufuata karatasi mbili. Dada, kabla hajalipa hata senti, aende TCU aulize, halafu Baraza. Kila muhula akusanye matokeo yenye muhuri na maelezo ya masomo aliyosoma. Mimi nimesajiliwa, nafanya kazi, na sijutii Mzuzu. Najutia miezi ile.

Mama Miwani, Iringa

Nina duka la miwani Iringa mjini na nimeajiri wa vyuo mbalimbali. Mtu akija kuomba kazi simuulizi ada aliyolipa. Namletea mtoto wa jirani wa miaka minne na retinoskopu. Halafu nampa fremu na lenzi aende karakana.

Kijana mmoja wa shahada, alikosoma sitasema, alikuwa anajua magonjwa kuliko mimi ninavyowajua wateja wangu. Miwani yake ya kwanza ilirudi mara tatu. Alipima namba vizuri, lakini hakupima umbali wa mboni kwa mboni, kitovu cha lenzi kikakaa pembeni, mteja, mwalimu wa watu, akawa anatembea kama amelewa. Kule chuoni kwao karakana ilikuwa na mashine moja ya kusaga lenzi, wanafunzi wanasimama kutazama. Nilimfundisha upya, leo ndiye namtegemea.

Kwa hiyo ulizeni: retinoskopu moja wanagawana wanafunzi wangapi? Mwanafunzi anasaga lenzi kwa mkono wake au anatazama? Kabla ya kumaliza amepima wagonjwa wangapi peke yake, na nani anasaini?

Dada wa Uyole

Asanteni sana, kaka wa Kyela hasa, najua si rahisi kuandika yale ya baba. Nimemsomea mdogo wangu yote na kanakili maswali ya mama wa Iringa kwenye daftari. Wiki ijayo tunapanda gari la Kyela, yeye na mimi, tukaone kliniki ya Mzuzu kwa macho yetu. Nauli ya Moshi ya kwenda kutazama tu hatuna. Mtu wa Tukuyu, nimekutumia ujumbe pembeni. Tafadhali tuunganishe na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale KCMC, tumpigie simu tumuulize yaleyale. Mkopo wa stashahada tutauombea kwa vyovyote, dirisha lisije kufungwa tukiwa bado tunafikiri.