Vitabu vya Idrisa, kabla Hamisi hajafunga begi

*Kikundi: Ukoo wa Bibi Tausi*

Dada Zuhura 16:02
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Hamisi anaondoka huko aliko kesho alfajiri, na sasa hivi yuko ndani ya duka la vitabu. Linafungwa saa mbili usiku kwa saa zetu. Begi lina nafasi ya vitabu VITATU. Ni vya Idrisa, historia ya nyambizi na vita vya majini, kama tulivyokubaliana. Naomba majina. Majina tu, maelezo baadaye.

Dada Zuhura 16:21
Naona watu kumi na mmoja wamesoma. Hata mmoja hajaandika.

Rajabu 16:24
Nyambizi si zile raba za Hamisi siku ya harusi ya Zuhura? Ziliingia maji hazikuonekana tena 😂😂

Hamisi 16:26
Zilikuwa mpya zile. Jamani, niko mbele ya kabati zima la vita vya majini na sijui pa kuanzia.

Mjomba Kassim 16:33
Silent Victory, cha Clay Blair. Kilitoka 1975. Nyambizi za Marekani dhidi ya Japani, Vita vya Pili vya Dunia. Mwandishi mwenyewe alipigana ndani ya nyambizi, hasimulii ya kusikia.

Hamisi 16:36
Nakiona. Mjomba, hiki kinapita kurasa elfu moja. Kitakula nafasi ya viwili.

Mjomba Kassim 16:41
Unene wake una sababu. Idrisa anapenda mashine, na humo ataikuta habari ya torpido, yaani bomu linalojiendesha majini, ile ya Mark 14, tangu mwanzo hadi mwisho. Marekani iliingia vitani Desemba 1941 na torpido mbovu. Mara inapita chini ya meli, mara inalipuka kabla ya kufika, mara inagonga ubavu halafu kimya. Manahodha wakilalamika, wakubwa wa silaha wanawajibu kwamba hamjui kulenga. Juni 1942 Admirali Lockwood wa nyambizi za Marekani akatega nyavu baharini kule Australia, wakazifyatulia torpido, wakapima matundu yako kina gani. Zilikuwa zinapita kama mita tatu chini ya kina walichoziwekea.

Dada Zuhura 16:42
Mjomba, majina tu, nakuomba.

Mjomba Kassim 16:47
Namalizia. Julai 1943 nyambizi Tinosa ilikuta meli kubwa ya mafuta ya Japani, ikaipiga mpaka ikasimama. Nahodha Daspit akajipanga ubavuni kwake, pembe tisini kamili, akawa anafyatua moja moja bila haraka. Zinagonga, hazilipuki. Moja akaibakiza makusudi arudi nayo bandarini mafundi waifungue. Kumbe kile kipini cha kufyatulia kilikuwa kinapinda torpido ikigonga wima, ikigonga kwa mshazari inalipuka vizuri. Yaani aliyelenga sawasawa ndiye aliyekosa! Wamekaa na kasoro hizo karibu miaka miwili ya vita. Kijana anayetaka ufundi asome hayo.

Tatu 16:55
Mimi nasema Das Boot, cha Lothar-Günther Buchheim. Filamu ya 1981 tuliiangalia wote kwa Baba Mkubwa, ila kitabu ni cha 1973 na kinaishinda mbali. Buchheim alikuwa mwandishi wa habari za vita, akasafiri kweli na nyambizi ya Ujerumani U-96 mwaka 1941. Majuma ya kungoja tu, dhoruba, nguo hazikauki, mkate umeota ukungu. Halafu saa chache mabomu yanashuka juu yao na mtu haruhusiwi hata kuangusha spana.

Rajabu 16:56
Filamu tuliyoiangalia wote, au tuliyolala wote isipokuwa Babu? 😂

Tatu 16:57
Wewe ulilala kabla majina hayajaisha.

Dada Zuhura 16:59
Viwili. Naomba cha tatu. Baba Mdogo Seif? Mwanahawa? Mama Idrisa uko wapi, mtoto ni wako.

Mjomba Kassim 17:15
Kama tunataka nyambizi za Wajerumani, historia yenyewe ni Hitler's U-Boat War, ya Blair huyo huyo. Juzuu mbili: The Hunters ya 1996 na The Hunted ya 1998. Ningempa Idrisa zangu bure wala Hamisi asibebe kitu. Ila juzuu ya pili Juma ndiye anajua iliko.

Dada Zuhura 17:16
Mjomba, leo tusianze.

Mjomba Kassim 17:19
Sianzi. Nasema ukweli. Tangu msiba wa Bibi mimi nimebaki na juzuu inayokomea 1942. Mei 1943 nyambizi 41 zinapotea ndani ya mwezi mmoja, mkuu wao Dönitz anaziondoa Atlantiki ya Kaskazini, vita vyote vinageuka. Hayo yako kwa Juma.

Rajabu 17:20
Mjomba usiteseke, Wajerumani walishindwa 😂😂😂

Juma 17:31
Shikamoo Mjomba. Kitabu kipo.

Mjomba Kassim 17:31
Marahaba. Kipo wapi?

Juma 17:38
Nitakupigia nikueleze.

Dada Zuhura 17:39
Hapana Juma, eleza hapa hapa. Ya jenereta nayo tuliambiwa tutapigiwa.

Hamisi 17:44
Jamani, duka! Muuzaji ananionyesha Shattered Sword, cha Parshall na Tully, 2005. Anasema ndicho kilichobadilisha habari ya mapigano ya Midway, Marekani na Japani. Mjomba, ni kweli?

Mjomba Kassim 17:52
Kweli kabisa. Kwa miaka mingi watu walimwamini Fuchida, rubani wa Japani, kwamba ndege zao zilikuwa zimejipanga juu ya sitaha, zimebakiza dakika tano kuruka, ndipo mabomu yakaangukia. Hawa wawili wakapitia kumbukumbu za Wajapani wenyewe za kuruka na kutua kwa ndege. Nyingi zilikuwa bado chini kwenye ghala. Manowari zao nne za kubeba ndege zilipotea pale, Juni 1942. Ni kitabu kizuri, lakini ni cha ndege zaidi. Nyambizi humo ni chache, mojawapo Nautilus ya Marekani. Na hiyo Nautilus ina habari yake: manowari ya Japani Arashi ilibaki nyuma kuiwinda, ilipokimbia kuwafuata wenzake marubani wa Marekani wakaiona, wakafuata uelekeo wake, wakazikuta zile kubwa.

Mama Idrisa 17:58
Ndiyo kwanza natoka kazini. Shikamoo kaka Kassim. Das Boot hapana. Kile cha Tatu nilikifungua siku moja, kurasa za mwanzo tu mabaharia wamelewa, matusi ya nguoni. Mtoto ana miaka kumi na mitano.

Tatu 17:59
Dada, ni mabaharia wanaokwenda kufa.

Mama Idrisa 18:01
Na huyu ni mwanangu. Jambo jingine, nawashukuru wote, lakini mtoto huyu anataja tani zilizozamishwa kama magoli. Nahodha fulani kazamisha ngapi, fulani kampita. Jana usiku amenihesabia mezani mpaka nikamwambia nyamaza. Sijui kama tunamsaidia.

Rajabu 18:02
*Ujumbe huu umefutwa*

Dada Zuhura 18:04
Hilo tutalizungumza. Sasa hivi Hamisi anasubiri.

Babu 18:23
Nimesoma yote, taratibu kwa sababu ya miwani. Mama Idrisa amesema neno.
Mimi ujana wangu wote nilikuwa chumba cha injini, meli za mizigo. Vita hivyo sikupigana, ila nilifanya kazi na watu waliovipitia. Mtu wa injini haoni bahari. Torpido inapoingia, yeye yuko chini ya usawa wa maji, mabomba ya mvuke yamepasuka, na njia ya kutokea ni ngazi moja ya chuma. Meli za biashara za Uingereza peke yake zilipoteza mabaharia zaidi ya 30,000. Na mpaka mwaka 1941, meli ikizama mshahara wa baharia unakatwa siku hiyo hiyo. Uko kwenye mashua ya kuokolea katikati ya bahari, hulipwi.
Mmetaja manahodha, mmetaja torpido. Aliyetaja meli iliyopigwa hakuna.
Kipo kitabu cha Nicholas Monsarrat, The Cruel Sea, cha 1951. Ni riwaya, lakini mwenyewe alitumikia kwenye meli za kusindikiza misafara. Humo nahodha anaisikia nyambizi kwenye chombo chake cha kusikilizia chini ya maji, iko chini ya watu wanaoelea, waliozamishwa, wanaomngoja awaokoe. Anapita katikati yao akiangusha mabomu.
Idrisa aanze na hicho. Vingine mtajua wenyewe.

Dada Zuhura 18:31
Ahsante Babu. Shikamoo.

Tatu 18:31
Shikamoo Babu.

Hamisi 18:37
Shikamoo Babu. Nimekipata, nimeshakishika mkononi.

Mjomba Kassim 18:50
Baba, nimekusikia. Basi Silent Victory naondoa, atakisoma akikua. Badala yake Hamisi tafuta Clear the Bridge!, cha Richard O'Kane, nahodha wa nyambizi ya Marekani Tang. Ni nahodha, ndiyo, lakini huyu yalimpata yote mawili. Oktoba 1944 alifyatua torpido yake ya mwisho, ikakata kona majini, ikamrudia. Waliookoka ni 9 tu. Wajapani wakawaopoa, na ndani ya meli iliyowaopoa, akina O'Kane wakawakuta watu walioungua, waliotoka kwenye meli ambazo Tang yenyewe ilizizamisha. Hao ndio waliowapiga mateke. O'Kane anaandika kwamba walipotambua ni akina nani, kipigo kiliwawia rahisi kidogo kukivumilia. Mtoto anayehesabu tani afike mpaka hapo.

Mama Idrisa 18:54
Hicho nakubali.

Hamisi 19:05
Kwenye rafu hakipo. Muuzaji amekwenda kutazama stoo.

Dada Zuhura 19:06
Sawa. Cha Monsarrat kimekwisha patikana. O'Kane anatafutwa. Cha tatu ni Shattered Sword au Das Boot. Andikeni S au D. Dakika kumi.

Mama Idrisa 19:07
S

Tatu 19:07
D. Zile kurasa za mwanzo nitazibana kwa klipu.

Mwanahawa 19:12
S. Samahani nilikuwa barabarani.

Rajabu 19:13
D kwa heshima ya usingizi wangu

Dada Zuhura 19:14
Rajabu!

Dada Zuhura 19:26
Mbili kwa mbili. Baba Mdogo Seif, umesoma toka saa kumi. Andika herufi moja tu.

Juma 19:33
Mjomba, naeleza hapa kama Zuhura alivyosema. The Hunted nilimwazima mwenzangu wa kazini, naye amehama. Nimempigia jioni hii, hapokei. Nitaendelea kumtafuta.

Mjomba Kassim 19:36
Kwa hiyo hakipo.

Juma 19:37
Kipo, Mjomba. Kwake.

Mjomba Kassim 19:38
Hamisi, hapo dukani hebu angalia kama wana The Hunted.

Dada Zuhura 19:38
MJOMBA. Begi ni la Idrisa.

Mjomba Kassim 19:40
Nikiipata nampa zote mbili akishamaliza cha Babu. Ni mali yake hiyo.

Hamisi 19:47
O'Kane yupo stoo, nakala moja, jalada limekunjika kidogo. The Hunted nayo ipo. Wanaanza kuzima taa upande ule mwingine. Nafasi imebaki moja. Nichukue ipi?