Mjadala: Hadithi ya binti yenye kibuyu cha uchawi, isomwe kanisani au isisomwe?

Mwanzisha mada, Masasi

Wadau, hodi humu. Kigango chetu kiliwataka vijana waandike hadithi za kubuni zisomwe siku ya vijana. Binti wa kidato cha tatu akaleta yake. Mzee mmoja ana kibuyu. Kila msimu wa korosho magunia ya majirani yanapungua uzito usiku, ya kwake yanajaa; kwa lugha yetu, chuma ulete. (Mimi ningeanza na karani wa mzani, lakini hadithi si yangu.) Kila mara mzee anapokitumia, mmoja wa watoto wake anamsahau kabisa, hata sura hamjui tena. Mzee anakufa, kibuyu kinaangukia mikononi mwa mjukuu wa kike. Mama yake anadaiwa, mikorosho imeliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, salfa ya kuipulizia walikosa. Binti anakaa nacho usiku kucha, alfajiri anakipasua kwenye jiwe la kunolea panga.

Katekista kaikataa. Neno lake ni moja: Mkristo haandiki uchawi. Kamati imegawanyika.

Mimi nasema isomwe. Wakristo wawili wanaotajwa zaidi kwenye fani hii ya hadithi za ajabu, C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien, hawakuukimbia uchawi. Lewis, Mwanglikana, kwenye kitabu chake cha 1950 ana mchawi wa kike anayegeuza viumbe kuwa mawe. Simba Aslan anakubali kuuawa badala ya mtoto aliyewasaliti ndugu zake, kisha anafufuka, kwa sababu mchawi aliijua sheria ya kale, kwamba msaliti lazima afe, lakini hakuijua iliyotangulia hiyo, kwamba asiye na hatia akijitoa afe badala yake kifo kinarudi nyuma. Tolkien, Mkatoliki, kati ya 1954 na 1955 alitoa kisa cha pete inayompa mtu nguvu ya kuwatawala wengine. Mwenye hekima kuliko wote, Gandalf, anapopewa anaikataa, maana anajua ataanza kuitumia kwa huruma na kuishia dhalimu. Sidhani kama binti wa Masasi amewahi kumsoma Tolkien, ila kafika palepale kwa njia ya korosho.

Mwinjilisti, Newala

Bwana asifiwe. Mpendwa, umetuletea Waingereza. Mwaka 1951 Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi, mwaka mmoja tu baada ya kitabu hicho cha Lewis, na kwa miaka mingi kabla ya hapo mahakama zao zilishauona uchawi kuwa utapeli tu. Sisi Sheria ya Uchawi ya 1928 bado tunayo, na watu bado wanashtakiana kwa wazee wa mtaa. Mtoto wa kule akifunga kitabu, mchawi anabaki ndani. Wa hapa akifunga kitabu anakuta bibi wa nyumba ya pili ananyooshewa kidole.

Kumbukumbu la Torati 18 haikuacha mlango: bao, kubashiri, usihiri, kuwaomba wafu, vyote chukizo. Na Waefeso kwenye Matendo 19 hawakuunda kamati. Walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma, thamani yake fedha hamsini elfu. Leo tuvirudishe kwa jina la fasihi?

Mchangiaji, Lindi mjini

Mimi Mwislamu, naingia kwa hodi. Aliyewapeleka Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876 si askofu Edward Steere? Huyohuyo mwaka 1870 alikuwa ameshachapisha ngano za Unguja, na humo yumo paa anayesema na kuua nyoka wa vichwa saba. Na ndiye aliyetoka jasho kutafsiri Biblia kwa Kiswahili. Kanisa lenu la Masasi limeanzishwa na mkusanya ngano. Nimemaliza.

Mchangiaji, Nachingwea

Uchawi haunisumbui sana, ananisumbua huyo simba Aslan anayesimama badala ya Kristo. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 500 nchini, na mkoa wetu wa Lindi ni kati ya iliyoumia sana. Watafiti walieleza: nguruwe pori wanaingia mashambani, simba wanawafuata, na watu wanalala kwenye madungu kulinda mazao. Vijijini hatukusema hivyo. Tulisema simba mtu, simba wa kutumwa. Mtu akiliwa, wengine walitafuta mchawi kwanza, bunduki baadaye. Mama aliyempoteza mtoto shambani nimwambie Mwokozi ni simba? Nilijaribu mara moja kwa wanafunzi wa kipaimara, darasa zima likanyamaza, kijana mmoja akatoka nje.

Mwanzisha mada, Masasi

Njomba wa Nachingwea, hiyo ni kweli na sina cha kuipunguza. Ila Biblia imebeba simba wote wawili: Petro anasema Ibilisi ni kama simba aungurumaye, na Ufunuo 5 unamwita Kristo Simba wa kabila ya Yuda. Mwandishi wa Nachingwea akiwakutanisha hao wawili kwenye dungu moja usiku, ataandika kitu ambacho Lewis asingeweza, maana hakuwahi kulinda shamba.

Mwinjilisti, umenisomea Matendo 19 nusu. Rudi nyuma mistari michache. Wana wa Skewa walilitumia jina la Yesu kumtoa pepo, kama mganga anavyotaja maneno yake. Pepo akawajibu, “Yesu namjua, na Paulo namfahamu, lakini ninyi ni akina nani?” Wakakimbia uchi na majeraha. Sasa tazama zile sinema za ushuhuda tunazowaonyesha vijana bila kamati yoyote. Mganga anarusha moto, mchungaji anarusha moto mkubwa zaidi, mganga anaanguka, watu haleluya. Yesu wa humo ni mganga aliyeshinda mashindano. Hizo ndizo zinazonitisha kuliko kibuyu cha binti. Simoni wa Samaria alitaka kununua uwezo wa Roho kwa fedha, Petro akamkaripia, na sinema zile zinauza kilekile.

Mwinjilisti, Newala

Za sinema nakubaliana nawe, mimi huwa nazizima. Lakini hujajibu. Kwenye hadithi ya binti magunia yalihama *kweli*. Msomaji ataondoka na imani kwamba chuma ulete ipo na inafanya kazi. Abadilishe hapo tu: kibuyu kiwe bure, mzee awe mwizi. Na Kristo hayumo hata kwa mstari mmoja. Kupasua kibuyu hata asiyeamini anaweza.

Mwanzisha mada, Masasi

Kibuyu kikiwa bure, kukikataa kuna gharama gani? Jangwani Ibilisi alimwonyesha Yesu milki zote za ulimwengu. Kama hakukuwa na kitu cha kutamanisha, jaribu liko wapi? Na Kutoka 7 inasema fimbo za waganga wa Farao ziligeuka nyoka. Haisemi yalikuwa mazingaombwe. Inasema fimbo ya Haruni ilizimeza. Hilo la kwamba Kristo hatajwi nakuachia, ila hata kisa cha Tolkien hakimtaji mahali popote.

Mama wa vijana, Mtwara

Mnavutana, binti mwenyewe ameulizwa?

Mwanzisha mada, Masasi

Ameulizwa, mama. Kasema kibuyu kinabaki na kinafanya kazi. Anaongeza ukurasa mmoja: asubuhi ile mwenye deni anagonga mlango, na deni ni lilelile. Katekista ameomba ausome huo ukurasa kwanza. Kamati inakaa Jumamosi, mwenye hoja ailete kabla.