Mahindi baada ya maharage bado ni ya njano. Naitrojeni ya mikunde inaenda wapi?

MkulimaMpya: Habari wakuu. Kila siku tunaambiwa mikunde inarutubisha ardhi. Mbona shamba lililotoka maharage likipandwa mahindi, majani bado yanakuwa ya njano?

UdongoHai: Salama mkuu. Anza na mizizi. Maharage yakianza kutoa maua, chimbua mashina kadhaa kwa jembe. Usiyang'oe kwa mkono, vinundu (vijivimbe vya mizizi wanamoishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani) vitakatikia ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Cheupe, kijani au kijivu, hakuna kitu. Vinundu vikikosekana, shuku udongo wenye asidi kali (pH chini ya 5.5), uhaba wa fosforasi, au urea na samadi kuzidi. Mmea ukishapata naitrojeni udongoni hauhangaiki kulisha bakteria. Wengi wanakosea hapa: mikunde inataka mbolea ya kupandia yenye fosforasi, si ya kukuzia kama urea.

Halafu maharage ni dhaifu kwa kazi hii ukilinganisha na kunde, karanga au soya. Naitrojeni yake nyingi huhamia kwenye punje. Ukiyang'oa na mizizi, ukapuria mbali na kuchoma maganda, shamba linabaki maskini kuliko mwanzo! Kata mashina usawa wa ardhi, maganda yarudi shambani.

MamaMbaazi: Naongezea mbaazi. Miezi ya mwanzo inakua polepole, haigombanii mwanga na mahindi, kwa hiyo panda pamoja. Baadaye inapukutisha majani mengi. Na penye kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi), zungusha na kunde: mizizi yake inaamsha mbegu za kiduha cha mahindi, zinaota, zinakosa pa kujishikiza, zinakufa.

MkulimaMpya: Asanteni sana. Soya ni lazima kuchanja mbegu, yaani kuzipaka bakteria wa vinundu?

UdongoHai: Kama haijawahi kulimwa hapo, chanja. Kunde inapatana na bakteria wengi wa kienyeji, aina nyingi za soya huchagua bakteria wao. Fanyia kivulini: lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, nyunyiza chanjo, geuza taratibu hadi kila punje ipakwe. Panda siku hiyohiyo kwenye unyevu, fukia papo hapo. Jua linaua bakteria, hata dawa ya ukungu iliyopakwa kwenye mbegu inaweza kuwaua.

Mahindi yanayofuata usiyanyime mbolea kabisa. Punguza tu ya kukuzia, ukitazama rangi ya majani.