Kuchagua mbegu ya ufuta: tuangalie sifa gani ya mmea?

Mkulima wa Witu:
Nalima ufuta, au simsim kama wengi tunavyouita huku Lamu. Kila msimu hutenga mashina marefu yenye matawi mengi yawe mbegu ya msimu unaofuata, lakini misimu mitatu imepita na mavuno ni yale yale. Je, ni sifa zipi hasa zinazoandamana na wingi wa mbegu?

Bwana Shamba Mstaafu, Mpeketoni:
Ndugu yangu, katika tafiti nyingi za ufuta sifa inayoandamana sana na mavuno ni idadi ya maganda kwa kila shina. Urefu na matawi husaidia pale tu yanapoongeza maganda hayo. Matawi, tena, hutegemea mno nafasi: shina lililo peke yake hutanuka kwa kuwa limepata jua na chakula kingi, si kwa asili yake, na mbegu zake ukizipanda kwa kubanana hutauona upana ule. Linganisha mashina yaliyozungukwa na wenzao pande zote. Kisha chungulia kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina, kwani ziko aina zinazotoa ganda moja na ziko zinazotoa matatu, na jambo hilo hurithiwa kwa uhakika zaidi. Ufuta kwa kawaida hujichavusha wenyewe, hivyo ukiweka mbegu za kila shina peke yake na kuzipanda mstari wake, watoto watakuonyesha mzazi alikuwa nani.

Bi Mkulima, Malindi:
Maganda yasihesabiwe tu, yafunguliwe. Shina langu lililozaa kuliko yote liliendelea kuchanua hadi mvua ilipokatika, na nilipolikung'uta, maganda ya kileleni yalitoa mapepe. Mbegu 1,000 nzima huwa na uzito wa takriban gramu 2 hadi 4, kwa hiyo hata tofauti ndogo ya ujazo huonekana kwenye mizani.

Bwana Shamba Mstaafu, Mpeketoni:
Kweli, Bi. Na yanayopasuka mapema humwaga chini kabla hujafika na turubai. Mwaka 1943 mtafiti Langham aligundua huko Venezuela ufuta usiopasuka kabisa, ila maganda yake yalikuwa magumu mno kupura.

Mkulima wa Witu:
Ahsanteni, wazee wangu. Nimerudi shambani jioni hii kuyatazama mashina matano niliyoyafunga vitambaa. Manne yamo ukingoni, kando ya njia. Nimevifungua vyote.