Kundi la Ukoo: mtoto wa Zuhura

Asha: Shikamooni wakubwa. Zuhura kajifungua usiku, mtoto wa kiume, kilo tatu kasoro kidogo. Ila asubuhi nesi alipomkagua kakuta hana njia ya haja kubwa. Ni ngozi tupu. Tumbo limeanza kujaa.

Mama Nasra: Jamani! Zuhura mwenyewe yukoje?

Asha: Analia tu.

Babu: Marahaba. Hiyo ipo tangu zamani. Tulikuwa na mmoja alizaliwa hivyo, hakumaliza wiki.

Shangazi: Baba, ya zamani tuyaache kwanza. Asha, ametapika? Rangi gani?

Asha: Mara moja. Kijani.

Shangazi: Kijani kwa kichanga ni nyongo, hiyo ni dharura. Asinyonyeshwe kwanza. Wamwekee mpira wa puani hadi tumboni kupunguza kinachojaa, na dripu. Wamesemaje kuhusu rufaa?

Asha: Wanasema hapa hakuna wa kumpasua, tunasubiri gari.

Shangazi: Njiani akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu. Wengi wanafika wameshaumizwa na baridi kabla hata ya kisu.

Baba Mdogo: Mimi naona tuchange apelekwe nje ya nchi. Watoto wadogo hivi si wa kujaribiwa.

Yusufu: Shikamoo Baba Mdogo. Safari yenyewe itammaliza. Kwa sasa anahitaji utumbo utolewe ubavuni ili haja ipite hapo. Hilo daktari wa upasuaji wa kawaida aliyefundishwa analiweza. Kutengeneza njia yenyewe ni baadaye, akishakua kidogo, na hapo ndipo tunamtaka bingwa wa watoto. Halafu mara ya tatu ni kurudisha ule utumbo ndani.

Baba Mdogo: Mara tatu! Kwani zote kwa pamoja haiwezekani?

Yusufu: Kuna wenye kasoro ndogo wanaofanyiwa mara moja. Kwa wengi kidonda kipya kikipitiwa na haja kinaoza na kuachia. Tena pale pana msuli wa kubana haja. Bingwa anaugusa kwa kifaa chenye umeme kidogo, anaangalia nyama inajikunja wapi, ndipo anapitisha njia katikati yake. Akikosea, mtoto ataishi lakini hatajizuia haja maisha yake yote. Ndiyo maana sitaki mtu wa kubahatisha hapo.

Mama Nasra: Na wale madaktari wa ng'ambo wanaokuja na kambi?

Yusufu: Wakija kufundisha, karibu sana. Wakija wiki moja wakapasua na kuondoka, huyu hawezi kuwasubiri. Na akivimba kidonda baada ya wao kupanda ndege, nani anamfungua tena?

Shangazi: Sisi hospitalini tulishaletewa mashine ya msaada, mpya kabisa. Waya wake hauingii kwenye soketi za ukutani, na hakuna aliyefundishwa kuitumia. Mpaka nastaafu tulikuwa tunawekea mafaili juu yake.

Mama Nasra: 😂 Mafaili!

Babu: Yusufu, niambie kweli. Wanapona?

Yusufu: Babu, wanapona, lakini inategemea umezaliwa wapi. Kuna utafiti mkubwa wa 2021, hospitali 264 katika nchi 74, kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro za tumbo na utumbo. Katika nchi maskini karibu 40 katika kila 100 walifariki. Nchi tajiri hawafiki 6. Na wale wanaozaliwa utumbo uko nje kabisa ndio inauma: kwa maskini 9 katika 10 walikufa, kwa matajiri mmoja au wawili katika 100.

Babu: Kwa hiyo madaktari wetu hawajui kazi?

Yusufu: Hapana Babu. Kisu ni sehemu tu. Mtoto anachelewa kufika, anafika na baridi, damu imeshaingia vijidudu, na hakuna mtu wa nusu kaputi aliyezoea vichanga. Mtoto wa kilo tatu damu yake yote ni kama robo lita. Kitambaa kikilowa mara mbili tatu, ameshapoteza nyingi.

Shangazi: Asante kwa kumtaja huyo wa nusu kaputi. Sifa zote anapewa mpasuaji.

Baba Mdogo: Na wewe Yusufu, huo upasuaji unasomea mpaka lini? Kila tukiuliza harusi unatuambia mtihani.

Yusufu: Haha Baba Mdogo, niacheni. Niko COSECSA, chuo cha upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999. Hakina majengo ya kusomea, darasa ni hospitali zenyewe katika nchi 14. Miaka miwili upasuaji wa jumla, mitatu wa watoto. Zamani mtu alikwenda kusomea ng'ambo, akajifunzia kwenye mashine ambazo kwao hazipo, wengine wakabaki hukohuko. Huku najifunza kwa wagonjwa walewale nitakaowatibu, kwa taa zinazokatika zilezile. Na wanaohitimu, zaidi ya asilimia 80 wanabaki nchi waliyosomea.

Baba Mdogo: Sawa. Harusi lakini pale pale.

Asha: Tumefika. Amepimwa, ameingia thieta. Wanataka mtu wa kutoa damu.

Baba Mdogo: Nakuja mimi. Mama Nasra, mwambie mwanao naye aje.

Mama Nasra: Keshavaa viatu.

Asha: AMETOKA. Anapumua vizuri. Utumbo uko upande wa kushoto, mwekundu sana, unang'aa. Zuhura hataki kuangalia.

Shangazi: Alhamdulillahi. Mwambie wekundu ndio uzima. Ukigeuka mweusi au wa zambarau hapo apige kelele. Ngozi ya pembeni isafishwe kwa maji ya uvuguvugu, ikauke, ipakwe mafuta mazito. Mifuko ya vichanga isipopatikana, kitambaa laini cha pamba kibadilishwe kila kikilowa.

Yusufu: Asha, kabla hawajatoka wodini muulize daktari kuhusu kipimo cha moyo na figo. Kasoro hii mara nyingi huja na nyingine.

Asha: Nimeandika. Sasa wamemruhusu maziwa kidogo kidogo.

Baba Mdogo: Ile michango ya nje ya nchi ibadilike, inunue mifuko na nauli za kliniki. Nani anampokea Asha zamu kesho?

Shangazi: Mimi. Na nitamfundisha Zuhura kubadilisha, akiwa amefumba macho au amefumbua.